Uzi wa mashairi mepesi ya vina: lete ubeti wa jambo lililokugusa, tuunyooshe pamoja

Mleta uzi:
Wakuu kwema? Nimeona nilete huu uzi maana kila nikipita mitandaoni nakuta watu wanaandika mashairi, wengine kwenye stetasi, wengine wanamtumia mtu mmoja tu, na mengi yana kitu kabisa ndani yake, unaona mtu ameumia kweli au amefurahi kweli, ila ukifika ubeti wa pili unakuta ameacha kusema kilichomtokea ameanza kufukuzana na vina. Inaniuma kwa sababu hisia ilikuwepo, imezikwa tu.

Na ubaya ni kwamba Kiswahili kinatupa vina vingi mno. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, kina chenyewe ni ile silabi ya mwisho tu, kwa hiyo ukishaanza na "moyoni" unaweza kwenda na rohoni, akilini, maishani, duniani, mawazoni mpaka uchoke na hujasema lolote. Vivyo hivyo vitenzi: umia, lilia, vumilia, kimbilia, ngojea. Vina vimekaa sawa, mizani imetimia, na msomaji hajaona kitu. Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia humu mpaka mnichoke: kabla hujatafuta kina andika kwa maneno ya kawaida kabisa ni nini hasa kilitokea. Nani alikuwepo, alishika nini, alisema nini. Kina utakikuta humo humo.

Kwa wasiojua kanuni, kwa ufupi tu: ubeti wa kawaida tunaouita tarbia una mishororo (mistari) 4, kila mshororo una mizani 16, yaani 8 ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 utao (kipande cha pili), na kila kipande kina kina chake. Tathlitha ni hivyo hivyo ila mishororo ni 3. Utenzi ni mwepesi zaidi, mishororo 4 ya mizani 8, mitatu inalingana kina na wa nne unabeba kina kinachokwenda shairi zima. Mizani ni silabi. Hapo watu wengi wanateleza kwenye ile m inayosimama peke yake: "mtu" ni mizani 2, "mwana" nayo ni 2, lakini "mpenzi" ni 3. "Nchi" 2, "mbwa" 2. Tamka kwa sauti huku unagonga meza, utasikia.

Haya, wekeni.

Sauti ya Jioni:
Mkuu asante kwa uzi. Mimi naweka wangu, niliandika juzi usiku baada ya kukaa namsubiri mtu. Usinionee huruma, sema ukweli.

Nakungoja we mpenzi, moyo wangu waumia,
Nakupenda kwa mapenzi, kila siku nalilia,
Sina raha sina enzi, na wewe wanikimbia,
Njoo basi we mpenzi, upate kunitulia.

Kitabu Wazi:
Mizani iko sawa nimehesabu yote.

Mleta uzi:
Iko sawa kweli, na hiyo "we" badala ya "wewe" imeokoa mshororo wa kwanza, inaonyesha una sikio. Sasa tuangalie ndani. "Sina enzi" maana yake nini hapo? Imekuja kwa sababu ulihitaji -nzi, basi. Mpenzi ameingia mara mbili kwa sababu hiyo hiyo, na "nakupenda kwa mapenzi" ni kurudia kitu kimoja. Vina vya mwisho vyote ni vitenzi vya -ia. Tukivitoa hivyo tunabaki na: namngoja, naumia, haji. Hayo anaweza kuyasema mtu yeyote kuhusu mtu yeyote.

Niambie, juzi usiku ilikuwaje hasa? Usitunge, simulia tu kama unamwambia rafiki.

Sauti ya Jioni:
Nilimtumia meseji ndefu, akaisoma, nikaona tiki zimegeuka buluu kabisa, hakujibu. Mimi nikawa nimelala na simu nazima nawasha nazima nawasha, jina lake liko pale juu ya orodha maana nimempini. Nikawa najipa sababu, nasema pengine yuko na mama yake, halafu nasema hapana huyu ana makuu tu. Hadi alfajiri.

Bi Mtulivu:
Yaani hii komenti imenigusa kuliko shairi 😔

Mleta uzi:
Bi Mtulivu umemaliza. Sauti, shairi lako hili hapa, maneno ni yako yote, mimi nimeyapanga tu:

Ujumbe umeusoma, tiki mbili za buluu,
Kwenye simu nimekwama, jina lako liko juu,
Pengine uko na mama, pengine una makuu,
Naizima, naegama, nawasha, sina nafuu.

Umeona neno moyo halimo? Wala kupenda halimo. Lakini kila aliyewahi kukaa na simu usiku anajua huyu mtu anapenda. Na angalia "buluu", "juu", "makuu", "nafuu", hakuna kitenzi hata kimoja pale mwisho, moja ni rangi, moja mahali, moja tabia, moja hali, ndiyo maana hayachoshi sikio japo ni -uu mtupu. Mshororo wa tatu ndio ninaoupenda zaidi kwa sababu mle kuna mtu anabishana na nafsi yake, na hilo ulilisema mwenyewe bila kujua kwamba ni shairi.

Sauti ya Jioni:
Nimesoma kwa sauti mara kadhaa hapa. Ni yangu kabisa na sikuwahi kuiandika. Asante sana mkuu.

Kitabu Wazi:
Mimi nina swali la msingi na naomba mnivumilie. Hivi kwa nini tujifunge? Kama alivyosimulia Sauti pale juu ilikuwa inatosha, ungeikata mistari tu ikawa shairi. Mimi naandika guni, yaani mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mfano huu nimeandika baada ya msiba wa babu:

Kiti cha babu
kimebonyea pale pale
na hakuna anayekikalia.

Ningetafuta vina hapa ningeharibu.

Mleta uzi:
Hapo umeandika kitu kizuri sana na sitakigusa. Pole na msiba.

Huo ubishi ni wa siku nyingi, mnajua, miaka ya 70 ulipamba moto kweli kati ya wanajadi na wale waliotaka kuachana na vina, mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 watu walisema hayo si mashairi kabisa, na leo yanasomwa kama mashairi bila tatizo. Mimi sina ugomvi na guni. Ninachokataa ni mtu kukimbilia guni kwa sababu kuhesabu kumemshinda, halafu anakata sentensi vipande vipande anasema ni shairi. Wewe hukufanya hivyo, ile "pale pale" imekaa mahali pake.

Ila kuna kazi ambayo vina vinaifanya na mkato wa mistari hauifanyi: vinakaa kichwani. Mtu akiusikia ubeti wenye 8 kwa 8 mara mbili tatu anaondoka nao bila karatasi. Mshairi Abdilatif Abdalla alipofungwa 1969 mpaka 1972 aliandika mle mle gerezani kwa siri, yakatoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na ukiyasoma ni mashairi ya kimapokeo, mizani na vina vimetulia kabisa. Mtu yuko peke yake gerezani na bado anahesabu silabi. Mimi hilo huwa linanifikirisha, naamini kule kuhesabu nako kulikuwa kunamshika.

Kitabu Wazi:
Hilo la kumshika mtu nimelielewa. Bado sijashawishika kwamba kila hisia inataka vina, lakini nitajaribu mmoja humu.

Fundi Maneno:
Wakuu mimi sijawahi kuweka mashairi hadharani. Huu ni utenzi, nilipoteza kazi mwaka jana. Naomba tu msome.

Nimeitwa ofisini,
barua iko mezani,
sikuuliza kwa nini,
miguu ilishajua.

Kikombe, picha, vitabu,
nafunga kwa taratibu,
walinipita karibu,
simu wakaangalia.

Mlangoni kwangu huko,
uso ukavaa cheko,
akapokea mfuko,
akaona, akajua.

Bi Mtulivu:
"Simu wakaangalia." Hapo nimesimama. Wenzako hao, mliokuwa mnakula pamoja.

Sauti ya Jioni:
Pole sana kaka. Na huyo aliyepokea mfuko ni mke?

Fundi Maneno:
Ndiyo ni mke wangu. Nilitaka kumtaja ila kila nikiweka "mke" mizani inakuwa 9, nikamwacha.

Mleta uzi:
Mwache hivyo hivyo ndugu yangu. Kwenye mlango wako ni nani mwingine atapokea mfuko kabla hajauliza kitu? Msomaji anamjua. Mizani imekulazimisha kuacha neno na ubeti umepata nguvu, hiyo ndiyo faida ya kubanwa ambayo nilikuwa natafuta namna ya kumweleza Kitabu Wazi.

"Miguu ilishajua" sitaki hata kuisemea sana nisije nikaiharibu. Mtu mwingine angeandika "moyo ulikwishajua", mizani ni ile ile 8, hesabu, na usingeukumbuka kesho. Kisha shairi linafungwa na "akajua", lile lile la mwanzo limehama kutoka kwako kwenda kwake.

Kitu kimoja tu naomba ukifikirie, "mlangoni kwangu huko". Hilo "huko" limekuja kwa ajili ya kina, uko nyumbani kwako lakini unapaonyesha kama pako mbali. Halijaharibu, wala silazimishi, lakini ukipata siku ya kukaa nalo litazame. Pole na yaliyokukuta na asante kwa kutuamini.

Fundi Maneno:
Nimelisikia. Hata mimi huko kulikuwa kunanikera ila sikujua kwa nini. Kazi nilishapata nyingine, namshukuru Mungu.

Msomaji Kimya:
Nauliza kuhusu kufupisha maneno. Naona washairi wa zamani wanaandika "nendako", "moyowe", "mwanangu kenda". Na sisi tunaruhusiwa?

Mleta uzi:
Inaruhusiwa, inaitwa inkisari, yaani unalikata neno ili mizani itimie. Kuna mazida ambayo ni kinyume chake, unalirefusha, na tabdila ambapo unabadilisha silabi bila kuongeza wala kupunguza. Kanuni nyingi tunazozishika leo zilipangwa vizuri na Kaluta Amri Abedi kwenye kitabu chake cha 1954 na mpaka leo bado ndicho watu wanachorudia wakibishana. Lakini ruhusa isikufanye ukate kila neno. "Kenda", "kaja", "kasema" bado tunaongea hivyo kila siku, tumia bila wasiwasi. "Moyowe" ni nzuri masikioni ila kwenye ubeti wenye simu na tiki za buluu itasikika kama imeazimwa kwa mtu mwingine. Andika kwa lugha ile ile uliyokuwa unaongea siku jambo lilipotokea.

Na msidhani mashairi ya mambo madogo madogo ni kitu cha intaneti. Muyaka wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, anakumbukwa kama mtu aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni, alitunga kuhusu mapenzi, njaa, ugomvi na siasa za mji wake, watu wakamwelewa. Mwana Kupona naye mwaka 1858, mgonjwa, alikaa akamtungia binti yake utenzi wa namna ya kuishi na watu. Ni mama anaongea na mtoto wake. Tuko kwenye njia ile ile.

Baba Mpya:
Naona uzi umejaa huzuni, jamani furaha nayo haina vina? 😄 Wangu huu, mtoto wangu wa kwanza kasema neno la kwanza.

Mwanangu kasema "baba", herufi zikagongana,
Kwa mate na kwa mahaba, kidevu kimelowana,
Neno moja nimeshiba, sihitaji kula tena.

Bi Mtulivu:
Hongera!! Hicho kidevu nimekiona kabisa.

Sauti ya Jioni:
Mashallah. "Kwa mate na kwa mahaba" imenibamba sana.

Mleta uzi:
Hongera baba. Mnaona, mate na mahaba vimewekwa bega kwa bega na hakuna anayeona kinyaa, ndivyo mzazi anavyoona. Furaha ni ngumu kuandika kuliko huzuni, mtu akifurahi anakimbilia kusema "nina furaha tele" na habari inaishia hapo. Wewe umeleta kidevu.

Bi Mtulivu:
Mkuu mimi nina kitu kinanishinda. Mama yangu amefariki na nimejaribu kumwandikia mara nyingi, kila nikianza inatoka "mama mpendwa umeniacha mpweke" na nasimama hapo hapo. Sijisikii kama nimemsema yeye. Nasema mama wa mtu yeyote.

Mleta uzi:
Pole sana dada. Jambo kubwa namna hiyo huwezi kuliingia kwa mlango wa mbele. Usianze na mama, anza na kitu chake kimoja. Kipi bado kipo kwako?

Bi Mtulivu:
Miwani yake. Iko kwenye droo yangu. Juzi niliifuta vumbi nikaivaa, sikuona kitu, ukungu mtupu. Nikajiuliza hivi na yeye alikuwa ananionaje.

Fundi Maneno:
Dada, simama hapo hapo, usiongeze kitu. Andika hilo.

Bi Mtulivu:
Nimekaa nalo tangu jana. Haya, mishororo mitatu nimepata, wa nne unanikatalia, nilitaka kuweka kwamba nimeita na hakuna jibu lakini nikiuweka naona umelegea:

Miwani nimeifuta, vumbi limetoka lote,
Nimevaa, imeleta ukungu mahali pote,
Hivi mama ulipata kuniona siku zote?

Kitabu Wazi:
Dada yangu.

Mleta uzi:
Wa nne haukukatalii, haupo. Tathlitha imekamilika, acha ikae na hilo swali, ukisema hakuna jibu utakuwa umemjibia msomaji kitu ambacho tayari anakisikia. Na mshororo wa pili umevuka pumziko la katikati, "imeleta" imemwagika kwenye "ukungu" bila kupumua kati ya ukwapi na utao, mkali wa kanuni anaweza kukusema kwa hilo. Mimi ningeuacha. Mtu anayevaa miwani isiyo yake ndivyo anavyoyumba. Ni mama yako huyu na si wa mtu mwingine, na binti anayeuliza swali hilo ni wewe.

Bi Mtulivu:
Nashukuru. Nimewasomea wadogo zangu kwenye simu, tumelia vizuri.

Msomaji Kimya:
Swali jingine dogo. Shairi la beti nyingi, mshororo wa mwisho lazima urudiwe?

Mleta uzi:
Si lazima. Ukirudiwa kila ubeti tunauita kibwagizo, usiporudiwa ni kituo tu. Kibwagizo kinafaa kama una jambo linalokurudia rudia mwenyewe, mfano deni au kumsubiri mtu. Ila kiwe na uzito wa kubeba beti zote, nimeona watu wanarudia "haya ndiyo maisha" mara sita na hakisemi chochote hata mara ya kwanza.

Kitabu Wazi:
Nimejaribu kama nilivyoahidi. Rafiki yangu wa miaka mingi tumekosana, hatusemeshani.

Rafiki tumekosana, kwa neno alilosema,
Njiani tukikutana, kila mmoja anahema,
Salamu tumenyimana, na wote tuna heshima,
Moyo wataka kunena, mdomo wangu wagoma.

Fundi Maneno:
"Na wote tuna heshima" hapo umeuma. Ndiyo inavyokuwa, watu wazuri wawili wamenuniana.

Msomaji Kimya:
Mshororo wa pili utao nimegonga meza nimepata 9. Ki-la-m-mo-ja-a-na-he-ma.

Mleta uzi:
Msomaji Kimya una sikio, na hiyo m ya "mmoja" imewashinda wengi. Ukiweka "kila mtu anahema" unapata 8. Lakini Kitabu Wazi, kuhema ndiko mnakofanya kweli? Au kumekuja kwa ajili ya -ma? Mkionana njiani mnafanyaje hasa?

Kitabu Wazi:
Mmoja anavuka upande wa pili. Mara nyingi yeye, mara nyingine mimi. Tunajua kila mtu anaenda wapi na bado tunahama.

Fundi Maneno:
Si umeshasema? "Kila mtu anahama."

Kitabu Wazi:
Njiani tukikutana, kila mtu anahama. Nane. Nabadilisha sasa hivi, na nafikiria kumtumia yeye mwenyewe.